Jua Lililochomoza kwa Feltrin

...na kisanduku bado kipo, kimekaa katikati ya skrini juu ya mchoro wa nyumba yetu kama paka aliyelalia gazeti, Endelea au Ghairi, chagua, na kidole changu kiko juu ya kipanya, simu iko mezani karibu na birika la kahawa, nimeifungulia sauti, na Marilena ananiambia kutoka Adelaide bonyeza tu, baba, haiumi, nami namjibu subiri, mwanangu, kompyuta inafikiri, na huo ni uongo mtupu, kompyuta ilishamaliza kufikiri, anayefikiri ni mimi, nimekaa hapa jiko la nyuma na koti la sufu mabegani, taa inawaka ingawa kumekucha, maana dirisha la hapa linatazama magharibi, kwa jirani yetu Feltrin, na asubuhi ya Juni, katikati ya baridi, hili ni shimo, mtu akitaka jua aende upande wa pili wa nyumba, upande wa mfereji, mashariki, lilipo jiko la wageni, ndilo linalopata jua lote, jiko zuri, vigae vyake vinang'aa, na tangu mama yangu mpaka mke wangu Norina hakuna aliyewahi kukaanga hata yai mle ndani, kila nyumba ya watu wetu wahamiaji hapa Griffith iko hivyo, jiko moja la kuonyesha na jiko moja la kuishi, na la kuishi siku zote hutupwa nyuma, mafuta yaruke yanakotaka, baba yangu alilijenga upande huu kwa sababu bomba la maji lilikuwa upande huu, basi, hakuuliza jua linapita wapi, na mke wangu akapika hapa maisha yake yote, asubuhi anapasha mikono kwenye sufuria, Januari saa kumi jioni jua linampiga usoni, anatundika shuka mbichi dirishani na kumtukana marehemu baba mkwe wake kwa adabu kabisa... Baba, upo? Nipo, nasema. Kinasema nini hicho kisanduku, hebu nisomee. Namsomea kwa mara ya tatu, kwamba faili hili limetengenezwa na toleo la zamani, kwamba litabadilishwa, kwamba mahali pa nyumba na mwendo wa jua vitasahihishwa kufuata anwani ya mwenye programu, na kwamba likishabadilishwa halirudi lilivyokuwa, na Marilena anasema basi si ndiyo vizuri, hicho ndicho anachokitaka mchoraji wa nyumba mpya, hawezi kupeleka ramani halmashauri na jua limekaa ovyo, na mimi nasema ndiyo, ndiyo, vizuri... vizuri kwa nani.

Halikukaa ovyo, lilikaa alivyotaka yeye, ingawa mwanzoni ilikuwa makosa, makosa ya kuchekesha, nyumba ilipoanza kupasuka kuta, maana udongo wetu hapa unavimba mvua ikinyesha na unakauka ukapasuka jua likiwaka, hatimaye ufa ukawa unapitisha kidole, Norina akasema itabomolewa siku moja, ngoja niichore ilivyo ili ije ijengwe ilivyo, akanunua programu hiyo ya kuchorea nyumba, yeye ambaye simu alikuwa anaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, na ndani ya msimu mmoja wa baridi akawa mtaalamu, mimi nashika ncha ya futi ya chuma na yeye anasoma, sogea, Nevio, nyoosha, umepinda wewe au umepinda ukuta, na zikatoka kuta, milango, baraza, halafu akapiga picha kila kitu, marumaru za sebuleni zenye madoa mekundu, pazia aliloshona binamu yake, kitambaa cha meza, hata mlango wa stoo ya soseji wenye alama ya bega langu ninavyousukuma, akazivalisha kuta na sakafu za kwenye kompyuta, folda ya picha hizo akaiita Nguo, na mwezi uliopita mimi nikamtumia Marilena faili bila Nguo, sikujua, akapiga simu, baba, nyumba imekuja kijivu, sakafu kijivu, pazia kijivu, nyumba nzima kama imemwagiwa jivu, nikampigia kijana mmoja wa huduma kwa wateja, akanieleza taratibu, programu haibebi picha, mzee, inakumbuka tu zilipowekwa, ukiihamisha peke yake inafika haikumbuki kitu, lazima ufunge vyote katika furushi moja, nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa hapahapa nikalia kidogo, kisha nikafunga furushi, na likafunguka kule likiwa kamili, Marilena akasema naona alama ya bega lako.

Lakini jua... jua lilikuja kabla ya Nguo, programu ina kitufe, ukikibonyeza unaona mwanga unavyoingia nyumbani saa kwa saa, akanikimbilia shambani mikono ina unga, njoo uone, kompyuta imeharibika, nikaja, nikaona baraza letu la mbele, linalotazama kaskazini, tunapoota jua majira yote ya baridi, liko kivulini kutwa, na jua la adhuhuri limejaa chumba cha kufulia, upande wa kusini, ambako tangu dunia iumbwe hakujawahi kufika jua la Juni, tukatazamana, ndipo nikamwambia hawa watu waliotengeneza kitu hiki wanaishi juu kule, kaskazini ya dunia, kwao jua linapita kusini, wanadhani dunia nzima inaishi juu, na Norina hakuuliza mtu, aliishika dira iliyo pembeni ya ramani akaizungusha, kaskazini ikawa kusini, akabonyeza, baraza likajaa mwanga, akapiga makofi, akaenda kumalizia tambi zake, na ni mimi, baada ya siku nyingi, niliyegundua kwamba ukizungusha dira hivyo jua la adhuhuri linanyooka lakini mashariki na magharibi zinabadilishana, nikamwambia, mama Marilena, humu ndani mwako jua linachomoza kwa Feltrin, na linatua mferejini kama bata, nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Aliangalia skrini, humo ni saa moja asubuhi, mwanga unaingia kwa dirisha hili, unapita juu ya meza hii, unapanda kwenye jiko la gesi, hapohapo anaposimama yeye, akasema,

"Usiliguse, Nevio. Angalau humo napika na jua."

Na kweli halikuguswa, kuna namna ya kuandika jina la mji na kulinyoosha, yule kijana wa huduma alimwandikia mapema kabisa, hakufanya, na siku za mwisho, alipokuwa hawezi tena kusimama, aliniambia washa, nikamwekea kompyuta mapajani, akalipitisha jua kwa kidole, saa moja, saa mbili, saa tatu, jikoni kwake, halafu analirudisha nyuma linaanza upya, na mimi nimemkalia pembeni nashika miguu yake maana ilikuwa baridi... Baba, bado inafikiri? Bado, nasema. Baba, kama umechoka tufanye kesho. Sijachoka. Anavuta pumzi, namsikia, ana moyo wa mama yake lakini subira kaipata wapi sijui, ananiambia taratibu kwamba nakala ya zamani anayo, haitapotea, na mimi namwambia nakala ya nini isiyofunguka, kompyuta ya mama yako imekufa wiki hii, programu yako ya majaribio imekwisha muda, toleo lile halipo tena, hata yule kijana alisema, ni kama kubaki na ufunguo mlango umeng'olewa, na programu imesajiliwa hapa kwa jina la Norina, nikisema Ghairi hakuna nyumba, mchoraji hana ramani, Marilena na watoto hawarudi kuishi nami, wanabaki Adelaide, na mimi nabaki na ufa unaopitisha kidole, nikisema Endelea nyumba inatoka kamili na Nguo zake, marumaru, pazia, bega langu, kila kitu, ila saa moja asubuhi jiko lake litakuwa shimo, kama hili, kama sasa, na jua lote litakwenda kule kwenye vigae ambavyo hakuna anayethubutu kuvirushia mafuta... na ndivyo itakavyojengwa, ilivyo, alisema mwenyewe ijengwe ilivyo.

Alisema. Lakini alisema kabla, hayo aliyasema kabla ya dira, wakati anapima kuta, baada ya dira hakusema tena ilivyo, hata mara moja, nikikumbuka vizuri, alisema usiliguse, na mimi miaka yote hii nimedhani alikuwa anazungumzia jua la kwenye kompyuta, kumbe jua haliguswi, nani awezaye kuligusa, litachomoza mferejini kama kawaida, kinachoguswa ni nyumba... natazama kisanduku, natazama nyumba iliyo nyuma yake, baraza huku, jiko letu kushoto, jiko la wageni kulia, na mkono wangu wenyewe, ule usio juu ya kipanya, naugeuza juu ya meza, kiganja juu, kiganja chini, kidole gumba kinahama upande.

"Marilena. Humo kuna namna ya kuigeuza nyumba nzima, kulia ikawa kushoto, kama kwenye kioo?"

Ipo, baba, anasema, ni kubonyeza mara moja tu, kwa nini? Na mimi nakokotoa kwanza, baraza linabaki kaskazini, jua la baridi palepale, jiko la nyuma linahamia mferejini, bomba la maji tutalivuta, baba yangu atanisamehe, na jiko la wageni linakwenda kwa Feltrin, wageni watoke jasho, watajua wenyewe, na mimi niliyezaliwa kwenye korido hii, ninayeipita gizani na macho yamefumbwa, nitakuwa naamka nakata kushoto palipokuwa na mlango siku zote na nakutana na ukuta, uso kwa uso, kila siku, mzee mzima nimepotea ndani ya nyumba yangu... kisanduku kipo, Endelea au Ghairi, kidole kiko palepale, kahawa imepoa, huku dirishani bado giza la magharibi, baba, Marilena anasema, kwa nini, niambie, nami natafuta pa kuanzia, pengine kwenye unga mikononi mwa mama yake, nitajigonga, ndiyo, nitajigonga mpaka nizoee, na nikifika jikoni kutakuwa kumeshakucha.