Redio ya Mkiani

Kufikia mchana wa Ijumaa ile, Arlys Brandvold alikuwa amekwisha kufunga redio kwenye pikipiki yake, na redio ilifanya kila kitu isipokuwa kumfikishia mtu sauti.

Kusikia ilisikia. Iliwanasa madereva wa malori kwenye barabara kuu wakionyana kuhusu askari aliyejibanza nyuma ya daraja, na mmoja wao akisifia mkate wa nyama alioula kule La Crosse. Shida ilikuwa upande wa kusema. Mumewe, Merle, alichukua lori lake la maziwa, ambalo lina redio ya namna hiyo hiyo, akashuka nalo barabarani huku Arlys akiongea. Hakukawia kurudi.

"Mpaka kwenye sanduku la barua pale barabarani nakusikia," alisema akiteremka. "Nikipita ghala la akina Tollefson, umekufa."

"Nimekufa kabisa?"

"Kuna mkwaruzo hivi. Hebu jaribu kusema kwa nguvu."

"Nikisema kwa nguvu zaidi, Merle, watanisikia bila redio."

Jioni hiyo saa za chakula, chama chao cha pikipiki kilikuwa kikutane kwenye uwanja wa mkahawa, kwa samaki wa kukaanga wa Ijumaa, na baada ya samaki redio ya Arlys ingepimwa. Aliyekuwa mkia wa msafara miaka yote alikuwa amehamia Arizona kufuata jua. Mkia ndiye pikipiki ya mwisho kabisa. Kiongozi akitaka msafara mzima uhamie upande wa kushoto, mkia huhama kwanza, huifunga njia, kisha huwaambia wa mbele kwenye redio kwamba ni salama. Bila mkia anayesikika, malori hujipenyeza katikati na msafara hukatika vipande.

Kazi hiyo haikuwahi kupewa mwanamke. Orville Sebranek, mwenyekiti, hakukataa alipoombwa, alikuna kidevu tu, akasema, "Sauti yako ikinifikia ng'ambo ya kilima, Arlys, mkia ni wako msimu mzima. Isiponifikia, nampa Lonnie."

Lonnie alikuwa mdogo wake Merle, na redio yake ilisikika mpaka kata ya jirani, hata pale watu walipotamani isisikike.

Arlys aliitaka kazi ile kuliko alivyoonyesha. Kwa miaka mingi alikuwa amesafiri kwenye kiti cha nyuma cha pikipiki ya Merle, na Wisconsin nzima alikuwa ameiona kwa upande, kando ya sikio la mumewe. Kwenye redio hata jina hakuwa nalo. Jina la redio mtu hajipi, hupewa na wenzake, na wenzake walimwita "abiria wa Kioo". Kioo alikuwa Merle.

Jina lilimfaa. Katika vilima vile theluji huanguka Novemba na kukaa mpaka karibu na Pasaka, na mwanamume asiyependa kuvua samaki kwenye barafu lazima atafute kitu cha kufanya gerejini. Merle alipaka rangi. Pikipiki ya Arlys, waliyoinunua mitumba majira ya vuli, ilikuwa imefumuliwa hadi mifupa na kupakwa zambarau ya lulu, tabaka juu ya tabaka, na vanishi juu yake, mpaka mtu angeweza kujitazama meno kwenye tangi. Jumamosi, kesho yake, msafara ulikuwa unashuka mtoni, Prairie du Chien, kwenye mashindano ya pikipiki nzuri. Waamuzi wa mashindano yale hutembea na vioo vilivyofungwa kwenye fimbo ili kuchungulia chini. Kwa hiyo Merle alipaka na chini.

Waya Arlys aliuweka mwenyewe. Umeme aliutoa moja kwa moja kwenye betri badala ya kudandia waya wa taa, ili mlio wa injini usiingie kwenye redio. Fyuzi ilikaa karibu na betri. Kila kiungo alikilehemu, akakivika mpira, na waya wote aliupitisha mbali na koili za plagi. Alikuwa mshonaji wa mapazia na mablanketi ya kanisa, na waya ulilala chini ya kiti umenyooka kama pindo.

Merle alifunga antena tu. "Nimefunga antena tangu kabla hujajua redio ni nini," alisema. "Bolti mbili, unaongea."

Lonnie alifika akiwa na mita chini ya kwapa. Ni mita inayoonyesha ni nguvu kiasi gani inakwenda hewani na kiasi gani inarudi nyumbani bila kazi. Katika chama kile humnyimi mwenzio chombo, hata kama unautaka mkia anaoutaka yeye.

"Shemeji," alisema Lonnie, "nimesikia unaongea na sanduku la barua."

"Na limenielewa kuliko wewe. Leta hiyo mita."

"Naileta, ila sitaki lawama. Mkia mzito, ujue. Unakula vumbi la watu wote."

"Nimekula mapishi ya mama yenu. Vumbi silihofii."

Merle alicheka, kisha akakumbuka kwamba ni mama yake.

Walisukuma pikipiki nje, mbali na mlango wa bati wa gereji, kwa sababu chuma kilicho karibu huidanganya mita. Arlys alikaa kitini, maana mwili wa dereva nao hubadilisha vipimo. Alibonyeza kitufe. Sindano iliruka moja kwa moja kwenye eneo jekundu na kubaki huko.

"Lo," alisema Lonnie. "Hiyo si antena, shemeji. Hiyo ni fimbo ya bendera."

"Antena ni nzima," alisema Merle. "Nimeitoa kwenye lori langu mwenyewe. Ilifika mpaka Iowa."

Arlys alilitazama lori, kisha pikipiki. Lori lilikuwa na paa. Antena ni nusu tu ya kitu. Nusu ya pili ni chuma kilicho chini yake, na juu ya lori kipo cha kutosha, upende usipende. Sanduku la nyuma la pikipiki lilikuwa la plastiki. Chuma pekee kilichobaki ni fremu, na mkono wa chuma ulioshika antena lazima ugusane nayo.

Alichomoa kebo ya antena, kwa kuwa kebo nayo ina njia yake ya kwenda kwenye hasi ya betri na ingemdanganya. Akachukua taa ya kupimia, ncha moja akaibana kwenye chanya ya betri. Ncha ya pili aliigusisha kwenye injini: taa ikawaka. Akaigusisha kwenye chuma kitupu cha mkono, pale antena inapoingia: giza.

"Haishiki fremu," alisema.

"Imefungwa kwa bolti mbili!" Merle alisema. "Bolti ni chuma. Itaachaje kushika?"

Arlys aliingiza spana, akafungua bolti ya kwanza. Ilitoka na pete mbili nyembamba za plastiki nyeupe, moja juu, moja chini, na kifuko cha plastiki kilichoifunika shingo yake.

Kila mtu alimtazama Merle.

"Bolti hukwaruza rangi," alisema Merle.

Lonnie alikaa chini kwenye nyasi. Alicheka mpaka mbwa wa jirani akabweka. "Kaka! Umeivalisha bolti soksi!"

"Nimezivalisha zote," Merle alikiri, na katika sauti yake majivuno yalikuwa bado hayajaisha.

Dawa yake ilijulikana na wote watatu. Mkono wa antena ukwanguliwe rangi mpaka chuma kionekane, na fremu vilevile pale mkono huo unapokaa, vishikane vyuma vitupu. Merle alipendekeza waya mwembamba, mrefu, upitishwe kwa siri mpaka betrini.

"Kebo ya antena ni waya mwembamba, mrefu, na tayari imefika kwenye hasi," alisema Arlys. "Umeona sindano ilipokwenda. Redio inataka njia fupi na pana."

"Mwamuzi ataona. Ataingiza kioo chake pale chini na ataona."

"Ataona."

"Tangu Novemba, Arlys. Theluji yote ile nilikuwa humu ndani."

"Najua ulikokuwa. Nilikuwa nakuletea kahawa."

Alikuwa ameshika kisu kidogo cha kukatia nyuzi. Hakuwa na hasira, wala hakutaka kumsihi. Pikipiki ilikuwa ni yake, rangi ilikuwa ya Merle, na jua lilikuwa linaelekea kwenye ghala la akina Tollefson. Aliinama, akaweka ncha ya kisu chini ya mkono wa antena.

"Ngoja," alisema Merle.

Arlys alingoja.

"Si hivyo. Utaipasua vanishi mpaka pembeni." Alikichukua kile kisu mkononi mwa Arlys, akaingia gerejini, na akatoka na bikari ya fundi seremala na kipande cha msasa. Alichora duara chini ya mkono, na duara jingine kwenye fremu, akakata mipaka yake taratibu, kisha akasugua katikati mpaka chuma kikang'aa. Alipomaliza, kila duara lilikuwa limetimia kama sarafu.

"Kama lazima iwe na kidonda," alisema, "basi kiwe cha maana."

Walifunga bolti bila soksi. Taa ikawaka. Arlys alirudisha kebo, akakaa kitini, akabonyeza kitufe. Sindano ilipanda kidogo, ikasita chini kabisa ya eneo jekundu. Aliizungusha ncha ya antena ikashuka kiasi cha unene wa ukucha, akapima tena, akaishusha tena. Mara ya tatu sindano haikuinuka ila kwa shida.

Lonnie alizima mita yake na kukunja nyaya zake. "Nimejitakia mwenyewe," alisema. "Nani alinituma nilete mita?"

Jioni, Orville aliondoka na sahani ya samaki juu ya tangi, kwa kuwa hakutaka wapoe, akapotelea ng'ambo ya kilima. Watu walitoka mkahawani na glasi zao kusikiliza. Arlys alikohoa kidogo, akabonyeza, akamwita Orville kwa jina lake la redio.

"Jogoo, Jogoo, hapa ni abiria wa Kioo. Unanipata?"

Kimya kilikuwa kirefu, na Lonnie alianza kutabasamu.

"Nakupata," ilisema sauti ya Orville, mdomo umejaa. "Samahani, kulikuwa na mwiba. Nakupata vizuri mno. Lakini mkia hauwezi kuwa abiria wa mtu. Hebu nielezeni, kwa nini Kioo alikula leo kama mtu aliyefiwa?"

Lonnie alimnyang'anya Arlys kipaza sauti na kueleza yote, soksi za bolti hazikusahaulika. Vicheko vilisikika mpaka jikoni. Orville naye alicheka hewani, kisha akajisafisha koo kiuenyekiti.

"Basi jina lake ni Msasa," alisema. "Msasa, mkia ni wako. Lonnie, shika njia yako."

Asubuhi msafara uliingia barabara kuu kuelekea mtoni. Mbele ya Arlys alikuwa Merle, na mbele ya Merle migongo ya wengine wote, na safari hii hapakuwa na sikio la mtu njiani. Mbele kabisa kulikuwa na trekta limebeba nyasi.

"Msasa, naomba kushoto," alisema Orville.

Arlys alitazama kioo, akatoa ishara, akahamia kushoto peke yake. Nyuma yake lori refu lilipunguza mwendo.

"Kushoto ni kwetu," alisema. "Njooni."

Wakaja wote kwa pamoja, mstari mzima.

Redio ilikoroma. "Hebu wewe uliyenifungia njia," ilisema sauti asiyoijua, ya dereva wa lori, "nani huyo?"

"Mkia. Naitwa Msasa!" Arlys alisema, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Subiri kidogo, dereva, tulipite trekta utapata njia yako!"

"Nasubiri, mama, nasubiri. Ila usipige kelele. Nakusikia kama uko humu ndani ya kabini."