Bandi ya Mkono wa Kulia

Barua ya shule ilisema kidato cha sita sasa wavae kiofisi: koti jeusi, tai, sketi sentimita tano chini ya goti, mkono wa koti uishie penye kifundo cha mkono. Kiofisi! Na darasani wanakaa watatu dawati moja. Lakini mimi ni fundi cherehani, ningejitetea kwa lipi? Nilitoa kabatini koti la marehemu mume wangu, nikaanza kulipunguza limkae binti yetu.

Mpimaji alikuwa mwalimu wa nidhamu, ambaye wanafunzi walimwita Sentimita. Alitembea na rula ya ubaoni, ile ndefu ya mbao. Akikukuta na kosa alikukamata mkono wa nguo, akakuburura hadi mbele ya mstari, kisha akakuchapa. Muhula uliopita alimchapa binti yangu vidoleni mpaka kucha mbili zikang'oka. Nilikwenda kulalamika, nikaambiwa nidhamu ndiyo msingi wa shule. Nilirudi nimefura hivyo hivyo, nikamharibia mteja suruali yake kwa hasira.

Ukaguzi wa mwisho ulikuwa Ijumaa. Mtihani wa mwisho ulianza Jumatatu, na atakayerudishwa nyumbani hatafanya. Asubuhi hiyo nilitoka kidogo kununua sabuni. Niliporudi binti ameshaondoka, na koti halipo kitini.

Mkono wa kulia sikuwa nimeushona. Nilikuwa nimeupiga bandi tu, ile mishono mirefu ya kushikiza, kwa uzi mweupe, ili nimpime kwanza ndipo nipitishe cherehani. Bandi haihimili hata kukohoa. Nikachomeka sindano kwenye gauni, kifuani, nikatoka mbio na kandambili zangu.

Nilikuta wamepanga mstari uwanjani. Sentimita alikuwa mbele ya binti yangu.

"Huu mkono umezidi," alisema.

"Haujazidi, mwalimu. Pima tena."

"Wewe ndiye wa kunifundisha kupima?"

Akaukamata mkono wa kulia, akavuta kwa nguvu zake zote. Ukachomoka mzima begani. Yeye akaenda kinyumenyume, akakaa chini pwaa, mkono wa koti kaukumbatia. Watoto wakaangua kicheko. Mimi nilishafungua mdomo niseme ni bandi hiyo, kosa ni langu.

"Koti la baba yangu!" binti alipiga kelele, akaokota rula.

Pigo la kwanza lilimtua mwalimu mdomoni, nikasikia jino likivunjika. La pili lilimpasua sikio. Sentimita aliinua kiganja kujikinga, la tatu likamvunja vidole. Kicheko kilikuwa kimeshakatika. Mwalimu alipolala chini, binti aliendelea, taratibu, kama anayetwanga, mpaka rula ikakatika katikati na kibanzi kikamwingia mwalimu jichoni. Nimesikia vilio vingi maishani, kile sitakisahau.

Nilimkumbatia binti kwa nyuma. Watu walikuwa wamemzunguka mwalimu, hakuna aliyetuangalia. Nikazichomoa nyuzi nyeupe begani kwake, nikaokota mkono wa koti, nikazichomoa na za huko. Nikazitia zote mdomoni.

Ofisini, mkuu wa shule alituweka upande huu, Sentimita upande ule, kitambaa chekundu kwa damu kikiwa jichoni, akingoja gari la kumpeleka hospitali.

"Nilishika tu," alisema. "Kama siku zote. Haukuwa umeshonwa, mkuu, wallahi."

Kwa mara ya kwanza mtu yule alisema kweli.

"Mama, wewe ni fundi," mkuu aliniambia. "Ulikuwa umeshonwa, haukushonwa? Kama haukushonwa, mwalimu hakuchana kitu, na binti yako anakwenda polisi sasa hivi."

Nyuzi zilikuwa zimekaa shavuni. Nikazimeza.

"Niliushona mwenyewe, mshono juu ya mshono. Huyu amemvua mwanangu nguo mbele ya shule nzima. Tukienda polisi, twendeni wote."

Mkuu akasema jina la shule lisifike polisi, yaishie hapo hapo, binti aje Jumatatu kwenye mtihani. Sentimita aliniangalia kwa lile jicho moja. Niliona aibu, nikatazama sakafu.

Nyumbani niliketi kwenye cherehani. Nilijaribu mara tatu, uzi haukuingia kwenye tundu la sindano. Binti alikuja akanitungia.

"Mama, zile nyuzi nyeupe ulizipeleka wapi?"

"Nyuzi zipi?"

"Za bandi. Niliziona asubuhi nikivaa. Mkono wenyewe ulikuwa mrefu, nikaona bora, lazima ataushika." Aliongea kwa sauti ya kawaida tu, huku akisugua vidole vyake ambavyo kucha hazijaota vizuri. "Nilijua akishika tu, unachomoka."

Nilimwogopa mwanangu. Nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa Sentimita.

"Nipime basi," akasema, akasimama mbele yangu. "Jumatatu nataka uwe umekaa sawa."

Nikamwambia anyooshe mkono.