Ngazi za Baba Mkwe

Mume wangu ni msimamizi wa ujenzi, na kwa wateja wengine ana mdomo mkali. Ukimwomba abadilishe ramani ukuta umeshapanda, utajuta kumfahamu. Lakini nyumba hii aliyoijenga sasa ni ya baba yangu, na mbele ya mkwewe mwanamume huyu huwa kama kuku aliyenyeshewa.

Baba alitaka ngazi zisogezwe nyuma ili sebule ipanuke. Mume wangu alijua zitapita karibu mno na boriti ya zege. Akainamisha macho, akasema, "Sawa, baba."

Leo tumemkabidhi nyumba. Baba alitangulia kupanda, wageni wakitazama kutoka sebuleni. Paji la uso likagonga boriti, kofia ikaporomoka hadi miguuni pangu. Nilitamani ardhi inimeze.

"Ulijua?" Baba akamuuliza mume wangu.

"Nilijua, baba. Niliona haya kukukatalia."

"Basi haya yako ndiyo nitakayoiinamia kila nikienda kulala."

Akainama, akapita. Mume wangu, ambaye hata akinyoosha shingo haifikii boriti, naye akainama.