Ukuta Uliozidi Bati

Mwaka ule tulipoamriwa kuhamia kijiji cha ujamaa, mama alishuka kutoka milima ya Lumuma na kifua kibovu, nami nikaapa kwamba masika hayatamkuta ndani ya kibanda cha nyasi. Nilikuwa napikia madereva wa malori pale Mikumi. Kwa chapati na maharage nikapata matofali ya kuchoma, na baada ya kusumbuana sana na watu wa ushirika nikapata kibali cha kununulia bati. Kazi nikampa Fundi Wenceslaus wa Kilosa mjini, mtu mwenye maneno matamu kuliko chai yangu.

Kuta ziliposimama, akaja jikoni akijifuta jasho ambalo mimi sikuliona.

"Dada Fausta, bati hazitoshi. Mbao nazo. Ongeza kidogo tumalize."

"Si wewe uliyepiga hesabu?"

"Nilipiga. Lakini nyumba imekuwa ndefu kuliko tulivyopatana. Kiwanja kiliruhusu, nikaona nikufaidishe. Mwingine angeshukuru."

Damu ilinipanda kichwani. Alivuta kamba ya kupimia msingi mpaka mwisho wa kiwanja bila kuniuliza, ili asifiwe na wapita njia, halafu mzigo nibebe mimi! Hata ningekuwa na fedha, kibali kingine ningekipata lini? Mawingu yalishaanza kujikusanya, na mama alikuwa anakohoa mpaka anashika mbavu.

"Urudishe ndani ukuta wa mwisho," nikamwambia, "mpaka bati zitoshe."

Akacheka. "Nibomoe kazi yangu mwenyewe? Labda unilipe kubomoa, unilipe na kujenga tena."

Akaenda zake. Alijua mvua itanilegeza.

Kesho yake sikuwasha moto. Nilichukua panga, nikapanda juu ya pipa kando ya ukuta wa mwisho. Matofali yalikuwa yamejengwa kwa udongo, na ukiyachokoa kwa utaratibu yanatoka mazima. Nikaanza kuyashusha moja moja na kuyapanga chini. Ukuta wenyewe ulitazama barabara kuu, na madereva wenye njaa wakasimama.

"Mama Chapati, kulikoni? Nani kakujengea?"

"Fundi Wenceslaus!" nikajibu kwa sauti ya kufika Ruaha. "Wa Kilosa! Mkitaka nyumba isiyoezekeka, mtafuteni!"

Siku hizo Wenceslaus alikuwa akiwabembeleza viongozi wa kijiji wampe kazi ya kujenga duka la ushirika. Habari zikamfikia, akaja mbio.

"Dada, unaniharibia jina!"

"Mimi nabomoa ukuta tu."

Akatazama madereva, akatazama matofali. "Basi, shuka. Nitaujenga upya bure. Ila nipe nafasi, nina kazi Kidodi. Wiki ijayo nitakuja."

Wiki ijayo! Nilishuka. Niliwaomba madereva wawili wanisaidie, tukakibeba kitanda cha mama na kukiweka katikati ya chumba kisicho na paa. Kisha nikamshika mama mkono, nikamleta na blanketi lake, akajilaza akitazama mawingu.

Wenceslaus alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu." Mama alikohoa, akangoja pumzi imrudie. "Mimi humu sitoki tena. Anza kuezeka huku kwenye kichwa changu."