Kangri ya Mama Zoona

Siku ya mashindano nilimpiga marufuku mama mkwe kuukaribia ubao wa kutelezea kwenye theluji. Nilimwambia mbele za watu, nyuma ya kibanda cha chai, na sauti sikuipunguza. Mume wangu Nazir husema sauti yangu inatosha kuporomosha theluji ya mlima mzima.

"Mama, kangri yako na ubao wa Mubeena visikutane leo. Wewe kaa kule, ubao ukae huku."

"Haya, bibi amri," akasema Mama Zoona, akaivuta kangri, kile kijungu chake cha makaa, ndani zaidi ya pherani, lile joho lake la sufu, mpaka tumbo likamvimba kama mja mzito. "Mimi niliyemzaa mwenye ubao, leo nimekuwa mwizi."

Nilikuwa na haki yangu. Mubeena, wifi yangu, anateleza kuliko msichana yeyote wa mji wetu wa Tangmarg, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wifi yangu, maana kuosha vyombo ni mvivu wa kupindukia. Kila mwaka timu ya mkoa huchukua msichana mmoja tu, mshindi wa mashindano haya, kwenda kufanya mazoezi Auli msimu mzima, mbali na nyumbani. Mwaka jana nafasi ilikuwa yake kabisa. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi kali, na Mama Zoona akauonea huruma ubao uliosimamishwa nje peke yake. Akausogezea kangri. Ubao ukapata moto, na Mubeena alipoutia kwenye theluji kavu, theluji ikayeyuka chini yake na kuganda hapo hapo. Akakwama katikati ya mteremko, akawa anarukaruka kama kuku aliyefungwa miguu, huku watalii wakipiga picha. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Mama alilia, akasema hakujua, nasi tukamsamehe. Nazir hadi leo akitaka kumchokoza dada yake humwuliza kama ubao umeiva.

Mwaka huu ulikuwa wa mwisho. Mwakani Mubeena angekuwa amevuka umri.

Kazi ya ubao ni yangu. Baba yangu alikuwa fundi wa vitelezi vya theluji Gulmarg, na mimi nilikulia katikati ya harufu ya nta. Siku moja kabla nilizipitishia tupa kingo za chuma, taratibu, kutoka kichwani hadi mkiani, nikazijaribu kwa ukucha hadi ukatoa unga. Kisha nikapaka upande wa chini nta ngumu, ile ya theluji ya baridi.

"Wifi, utaumaliza ubao wa watu kwa kunoa," Mubeena aliniambia, mdomo umejaa mkate.

"Kula unyamaze. Theluji ya asubuhi itakuwa kioo. Unataka kukata kona au unataka kushuka kwa makalio?"

"Makalio ninayo ya kutosha."

"Ndiyo maana nanoa sana."

Na kweli ilikuwa kioo. Wasichana walianguka mmoja baada ya mwingine, wengine wakishuka wamekaa, wameshika vichwa. Mubeena alikata kona zote, kingo zikilia kwenye barafu, nami nikapiga kelele hadi koo likakauka. Alishika nafasi ya pili, nyuma kidogo tu ya Rifat wa Srinagar. Mkondo wa pili ungekuwa baada ya adhuhuri, na muda wa mikondo yote miwili ungejumlishwa.

Jua likatoka. Si jua la kuchezea, jua la Machi, lile linalokufanya uvue skafu na kuanza kusema uongo kwamba baridi imekwisha. Kufikia wakati wa sala mteremko ulikuwa umelainika ukawa uji. Theluji ya maji inanyonya ubao ukiwa na nta ngumu. Unashuka kana kwamba mtu amekushika pindo. Tulihitaji nta laini, tena upesi. Kocha wa Rifat alikuwa ameshamaliza kupaka ya kwake, amekaa anakunywa chai.

Nilichomeka pasi ya kuyeyushia nta kwenye umeme wa kibanda. Taa yake ikawaka. Nikashika nta. Taa ikazimika.

"Umeme umekwenda," mwenye kibanda akasema, kwa utulivu wa mtu asiye na ubao.

Nilimtukana mwenye umeme, waya zake, na shemeji zake wote. Mubeena hakucheka. Alikaa juu ya kreti, viatu vyake vizito vimefungwa nusu, akawa anautazama mteremko. Mtoto huyu hukaa kimya akiwa na hofu tu.

"Nenda kwenye gari la kamba la kupandia mlima," nikamwambia. "Ubao nitakupa pale foleni."

"Utafanyaje?"

"Hayo ni yangu. Nenda!"

Alipoondoka tu, nikasikia kikohozi nyuma yangu.

"Na hii je?" Mama Zoona alikuwa ameifungua pherani yake. Kangri ilikuwa ndani, makaa mekundu yakipumua.

Ningeweza kusema mengi, lakini muda haukuniruhusu. "Lete, Mama."

"Si ulisema visikutane?"

"Mama, nitalia hapa hapa!"

Akacheka, akaiweka chini. Tukapuliza wote wawili, vichwa vinagongana, majivu yakituingia puani. Nikaiweka pasi juu ya makaa, nikaifuta majivu kwa pindo la nguo yangu, nikaigusisha nta. Ikayeyuka bila kutoa moshi, barabara. Nikaidondosha ubao mzima, nikaitandaza kwa pasi hadi upande wa chini ukang'aa. Kingo za kichwani na mkiani nikazipunguza ukali kidogo, zisije zikanasa kwenye uji ule. Sasa ulibaki kupoa, nikwangue na kupiga brashi.

Niligeuka kutafuta mahali pa kivuli. Mama Zoona alikuwa ameshanitangulia. Alikuwa amepiga magoti chini ya misonobari, mikono mitupu, anachimba theluji.

"Ulete hapa, penye baridi ya jana," akasema. "Ulaze tumbo juu, usishike kitu. Ubao wenye moto haushuki. Sisi utotoni sleji zetu za kutelezea theluji tulikuwa tunazilaza nje, aliyeilaza ndani alichekwa na kijiji kizima."

Niliulaza ubao. Naye akawa anaurundikia theluji pembeni, kwa haraka na kwa ustadi. Ndipo akili yangu ikafika.

"Mama. Kumbe unajua."

Hakuinua uso.

"Mwaka jana ulijua!"

"Usipige kelele, nasikia." Akaendelea kurundika. "Watoto wangu wa kiume wanaondoka asubuhi kuburuta watalii kwa sleji, wewe unaondoka na matupa yako. Mubeena ndiye anayenichekesha mle ndani. Nikasema, msimu mmoja tu. Abaki msimu mmoja tu." Akafuta pua kwa mkono wa pherani. "Halafu nikamwona pale katikati, watu wanamcheka. Tangu siku ile hajanichekesha vizuri."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Nilitaka kumwita majina ambayo mkwe haitwi. Lakini vidole vyake vilikuwa vimegeuka rangi ya nyama mbichi, na bado alikuwa anachimba. Nikachukua kipande changu cha plastiki, nikakwangua nta iliyozidi. Nikapiga brashi.

Ubao aliubeba yeye mwenyewe hadi kwenye foleni, mbio, pherani imeshikwa juu na mguu mmoja unateleza.

"Ugusishe shavuni," akamwambia Mubeena.

Mubeena akaugusisha shavuni. Akamtazama mama yake. Akamtazama tena.

"Ni wa baridi," akasema.

"Basi nenda, mwanangu. Nenda, uende Auli."

Tulimwona akitokea juu, mdogo, kisha mkubwa, kisha akapita mbele yetu maji yakiruka pande zote, na wala hakuna kilichomshika pindo. Rifat alishuka baada yake, akajitahidi, lakini hata kwa muda wa jumla hakumfikia. Mama Zoona alipiga kelele kunishinda mimi, jambo ambalo halijawahi kutokea, kisha akakaa kwenye theluji ghafla na kuanza kulia.

Nikaenda kukaa naye. Nikaingiza mkono kwenye pherani yake kutafuta kangri. Ilikuwa majivu matupu. Moto wote ulikuwa umekwenda kwenye pasi. Mikono yake ilikuwa ya barafu. Nikaichukua yote miwili, nikaitia ndani ya nguo yangu, kwapani.

"Niache," akasema, machozi yanamtiririka huku anacheka. "Ukinipasha moto nitakwama hapa hapa, nishindwe kumfungia mtoto mizigo."