Siku ya Wahid

Mimi ni Msabato, na Jumamosi sifanyi kazi. Kwetu Vihiga jambo hilo halina haja ya maelezo. Hapa Dubai, kwenye hoteli ndogo ya Al Muraqqabat ninakosafisha vyumba, lilinitoa jasho.

Msimamizi wetu, Thamer, ni mkali, na Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Ukiwa na shida unampitia Jamiru wa dobi, Mtanzania aliyejifunzia Kiarabu kwenye kazi za ujenzi. Nikamsihi aniombee siku yangu ya mapumziko iwe Jumamosi, maana ndiyo Sabato.

"Dada Metrine, mambo ya dini usiyataje," akasema. "Utaonekana mkorofi. Tuombe siku tu, basi."

Niliogopa, nikakubali. Tukamfuata Thamer, wakaongea kidogo kwa Kiarabu, naye akaitikia kwa kichwa. "Inshallah. Khalas." Yaani, yamekwisha. Jamiru akanigeukia akicheka. Nimepata!

Jamani, nilifurahi mno. Ijumaa jua lilipotua nikazima simu, na kesho yake nikashinda chumbani kwetu, mtaa wa Naif, na Wasabato wenzangu, tukiimba kwa sauti ya chini majirani wasije wakagomba.

Jumapili nilifika kazini nikakuta kadi yangu haifungui mlango wa wafanyakazi. Jamiru alikuja kunifungulia, akanipeleka stoo ya mashuka. Thamer alikuwa amevimba kwa hasira. Maneno yalimtoka mfululizo.

"Anasema jana hoteli ilijaa, hukuja, simu umezima," Jamiru akatafsiri. "Anasema siku yako ya kupumzika ni leo. Ameshawaambia ofisini wafute viza yako, urudishwe Kenya."

"Leo? Kwani wewe ulimwambia siku gani?"

"Jumamosi! Nilimwambia yom wahid. Siku ya mosi."

Nilitamani kumzaba kibao. Kwa Kiswahili siku huhesabiwa kuanzia Jumamosi: mosi, pili, tatu. Kwa Waarabu siku ya kwanza, al-ahad, ni Jumapili. Huyu bwana aliichukua mosi yetu akaigeuza wahid, na Thamer akanipa Jumapili kwa moyo mweupe kabisa.

Watoto wangu wako kwa mama, na kinachowalisha ni kazi hii, hakuna kingine. Nikapiga magoti palepale kwenye mashuka machafu. "Sir, Sabato! Ni Sabato!"

Thamer akaniinamia. "Sabt?" akauliza. "You want sabt? Church?"

Kumbe Jumamosi kwao ndiyo hiyo, sabt. Neno tulilolificha ndilo pekee ambalo angelielewa bila mkalimani. Akamwambia Jamiru kitu, taratibu safari hii.

"Anauliza kwa nini hukusema. Yeye mwenyewe husali humu stoo, ulidhani atakucheka? Anasema hafukuzi mtu kwa ajili ya ibada."

Akapiga simu ofisini mbele yangu. Alibishana, akapandisha sauti, akaishusha. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, naomba Mungu kwa Kiluhya, kwa Kiswahili, kwa lugha yoyote iliyokuja mdomoni.

"Wamekubali," Jamiru akasema, lakini hakunitazama. "Jumamosi zote ni zako. Ila hii inayokuja uje, ufidie ya jana. Usipokuja, wanafuta."

"Si ndiyo siku yenyewe ninayoomba! Mwambie!"

"Ameshawaambia, dada. Wamekataa."

Thamer alinitazama kwa huruma, akainua kidole kimoja. "One sabt," akasema. "Only one."

"Yes, sir," nikasema.

Akatabasamu, akaninyanyua. Alidhani ameniokoa, na sina hakika kama alikosea.

Jumamosi ile nilitandika vitanda tangu asubuhi. Jioni nilipiga magoti kuomba msamaha, nikashindwa, kwa sababu nilijua wakiniita tena nitakwenda.