Bafta ya Bi Faudhia

Ujumbe wa tatu Zuleha aliuandika bila hata kumpigia mwenye pikipiki. *Amekaribia.* Akautuma kijijini Msimbu, kisha akaunyoosha mguu wenye goti bovu juu ya jora la bafta nyeupe ya sanda.

Kuuza sanda mtandaoni kuna adha yake. Mnunuzi wa mkoba ukimchelewesha atanuna. Wa sanda ana maiti ndani na kaburi limeshachimbwa. Ndiyo maana Zuleha wa Mkuza alijizoesha kutoa taarifa kila hatua: nimekata, nimefunga, pikipiki imeondoka, namba ya dereva hii hapa. Wateja walimpendea hilo. Lakini miaka sita ya kupokea simu za wanaolia si mchezo, na mtu akishachoka, ulimi hutafuta njia ya mkato. Amekaribia. Neno dogo, linatuliza watu.

Aliyefariki leo ni Bi Faudhia. Mjukuu wake, Maua, alikwishaeleza asubuhi kwamba bibi ndiye aliyekuwa akiwakatia sanda wanawake wa kijiji kizima. Bafta duka la kijijini ipo, mkono wa kuikata ndio umelala.

Saa tisa kasoro akapiga simu Latifu, dereva wa pikipiki. Alikwepa foleni kwa njia ya Kiluvya, mvua ikamkuta huko, korongo limefurika na hapiti mtu. Maji huenda yakapungua jioni, huenda yasipungue. Mzigo, alisema, kaukumbatia kifuani, haujaguswa na tone.

Jirani wa Zuleha, Biasha, muuza mikoba, alikuwa amekuja kuazima mkasi, na saa nzima sasa alikuwa bado anamchambua wifi yake. Akamwacha wifi.

“Waambie yuko Kisarawe mjini anauliza njia,” alisema. “Mteja hubembelezwa, shoga.”

“Wanangoja kuzika, Biasha.”

“Ukisema hajafika, kesho Msimbu nzima watakuita mwongo.”

“Kwani si nimeshadanganya?”

Biasha akawa anauchunguza mkasi kana kwamba hajawahi kuuona.

Zuleha akapiga. Nyuma ya sauti ya Maua wanaume walisikika wakiulizana saa.

“Shikamoo mama. Keshafika?”

“Marahaba mwanangu. Hajafika. Kakwama korongoni, na sijui atatoka saa ngapi. Niliposema amekaribia, sikuwa nimemuuliza. Nisamehe.”



“Walitaka kuzika baada ya adhuhuri,” Maua akasema. “Mimi ndiye niliyewazuia. Nimewasomea ujumbe wako mbele ya watu, mama.”

Zuleha akauliza kama mtu anaweza kukimbia dukani kuchukua bafta. Akaambiwa anaweza. Akauliza habari ya mkasi. Upo, wa marehemu, ila Maua hajawahi kukata hata shuka. Kazi yake ilikuwa kumshikia bibi upande wa pili.

“Basi nusu unaijua,” Zuleha akamwambia. “Weka simu chini, ifungulie spika.”

Biasha akamnong'oneza kwamba akimfundisha huyo, Msimbu ndiyo basi tena, hawatamwagiza kitu. Zuleha akamgeuzia bega. Vipimo hakuwahi kuvisema kwa mdomo maisha yake yote, vilikuwa vidoleni. Akashuka sakafuni, goti likamlia, akakunjua bafta yake mwenyewe ili mikono imkumbushe maneno.

Bafta ya dukani ilipoletwa, akamwelekeza Maua ampime bibi kwa kamba, kutoka utosini hadi nyayoni, aongeze shibiri mbili. Vipande vitano: mashuka mawili ya kumfunika, kanzu, shuka la kiunoni, mtandio.

“Tia mkasi kidogo tu pembeni. Kinachobaki uchane kwa mikono. Usiogope, uzi wenyewe utakuongoza.”

Kule wanaume wakaacha kuulizana saa. Kitambaa kikaanza kuchanika, kikasita katikati. Zuleha, kapiga magoti na bafta yake mikononi, akategea sikio. Alisikia mtu akivuta kamasi. Halafu mchano ukaendelea, mrefu, mwembamba, ukielekea mwisho wa kitambaa.